Faili Lililobeba Jina Langu

Jumatatu, 11 Februari 2013. Gitega, Burundi

Daftari hili Adriano, katibu wetu, alinipa niandike majina ya wageni wanaoingia ofisini. Wageni wenyewe ni wawili kwa wiki, na mmoja wao huwa amepotea njia. Kwa hiyo kurasa za mbele nawaachia wao, za nyuma nazichukua mimi. Anayesoma bila ruhusa ajue habari zake nazo nimeziandika.

Mimi ni Kastori, mlinzi wa mchana na mpika chai wa Chama cha Mashahidi wa Mipaka. Shule nilifika darasa la tano. La sita lilinisubiri, sikwenda. Kazi ya chama ni kutunza maneno ya watu: nani alilima wapi kabla hatujakimbilia Tanzania mwaka sabini na mbili. Waliobaki wanasema, tuliorudi tunasema, sauti zinaingizwa kwenye kompyuta. Kisha wazee wanakufa, na sauti zao zinabaki humo zikibishana.

Kompyuta yenyewe ina mimba. Sitanii. Programu ya sauti iliachwa na mradi mmoja wa zamani, na kompyuta mpya haiielewi. Ndipo Cibalonza, mama wa Kikongo mwenye kibanda cha kutengeneza simu sokoni, akaitia kompyuta kuukuu ndani ya hii mpya. Hakutumia nyundo. Unabofya picha, na ndani ya kioo kinafunguka kioo kingine chenye rangi za kizamani, na humo ndimo zilimo sauti. Nilimwuliza itazaa lini. Akasema, "Papa Kastori, iyi inabebaka tu, haizalake."

Ndani ya tumbo hilo imo sauti ya marehemu mzee Juma wa Buhinyuza, kule Muyinga. Ndiye shahidi pekee wa shamba la baba yetu, analolima dada yangu Emiliana, mjane. Jirani yake Gervasi anadai nusu ya shamba ni yake. Karatasi ya muhtasari wa maneno ya mzee ameikataa, anasema karatasi huandikwa na yeyote. Bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, wakasema: basi leteni sauti, tarehe 30 Aprili. Sauti ikiwepo, Emiliana analima. Isipokuwepo, shamba linakatwa katikati.

12 Februari

Mvua. Chai imebaki, nimeinywa yote.

Alhamisi, 14 Februari

Cibalonza amekuja kuikagua kompyuta. Leo wigi ni jekundu. Nikamwambia kichwa chake kinaonekana mpaka Bukirasazi. Akanijibu, "Ya kwako papa haionekane hata nikiwa karibu." Kesho anakwenda Uvira kuzika shangazi yake. Mwanamke wa kelele. Ofisi itapumua.

Jumatatu, 18 Februari

Adriano alitoka kuongea na simu. Anapoongea na simu huzunguka jengo lote kama anatafuta alipozikwa mtu. Mimi nikachukua kitambaa nifute vumbi kwenye vile vitufe vya kuandikia. Nilipofika safu ya juu, kwenye kioo, katika orodha aliyoiacha wazi Adriano, jina moja likawa la buluu, na kijiti kikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kinaningoja mimi.

Sasa anayetaka kunicheka anisikilize kwanza. Miaka thelathini na nane ya ukimbizi imenifundisha somo moja: penye nafasi tupu, andika jina lako. Orodha ya unga, jina. Orodha ya sabuni, jina. Orodha ya wanaorudi nyumbani, jina. Mwenzangu mmoja alisita kalamu ikampita, akakaa mwezi mzima bila blanketi. Mkono wangu hausubiri kichwa. Nikabonyeza herufi moja moja: KASTORI. Halafu kile kitufe kikubwa cha pembeni. Kijiti kikatulia.

Nilifurahi. Nilijua sasa nami nimeandikishwa.

Jumanne, 19 Februari

Adriano amebofya ile picha, kompyuta ya ndani haikufunguka. Yakaja maneno mekundu. Akabofya tena. Akazima, akawasha. Kwa Kiswahili chake kinachoruka kutoka jiwe hadi jiwe kama mtu anayevuka mto, akasema, "Mais, inasema disque iko inakosa! Disque inaweza kwenda wapi? Iko na miguu?"

Mimi nilikuwa natia majani kwenye birika. Nikaendelea kutia. Chai ilitoka nyeusi kama lami.

Jumatano, 20 Februari

Nilitaka kulirudisha lile jina la kwanza, lililofutika nilipoandika langu. Lakini lilikuwa refu, lenye vijiti na namba, nami sikulisoma. Nani husoma kilichoandikwa kwenye nafasi yake?

Ijumaa, 22 Februari

Adriano kampigia binamu yake Bujumbura, na binamu kamwambia: tengeneza diski mpya, ipe jina lile lile la zamani. Akatengeneza. Kompyuta ya ndani ikawaka! Nikapiga makofi kabla ya wakati. Kioo kilikuwa cheusi tititi, na mstari mmoja wa maneno ukisema hakuna kitu cha kuanzia. Tumbo limefunguka, ndani hamna mtoto.

Adriano alikaa chini. Akalegeza tai. Sijawahi kuiona shingo yake.

"Imefutwa," akasema. "Byose. Sauti zote." Kisha: "Wa mwisho kugusa ni ule Mkongomani."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nililiona neno limekaa mdomoni kabisa. Nikalimeza na mate.

25 Februari. Mvua.

26 Februari. Mvua. Kasilda, mke wangu, amepanda maharage kwenye kipande cha nyuma.

27 Februari. Mvua. Kasilda kaniuliza naumwa wapi.

Jumatatu, 4 Machi

Cibalonza amerudi na kitambaa cheusi cha msiba kichwani, bila wigi. Adriano hakumpa hata kiti.

"We ulikuja tarehe kumi na nne. Kisha machine ikakufa."

"Ilikufa ile tarehe?"

"Ilikufa kisha."

"Kisha siku ngapi? Mi nalikuwa Uvira nazika tantine yangu! Acha niangalie ndani, Adriano. Dakika mbili tu."

"Hapana. Hautagusa tena."

Akanigeukia mimi. "Papa Kastori, weye ulikuwa hapa. Nalifuta kitu?"

Nikasema mimi ni mtu wa chai. Hayo ndiyo maneno niliyosema. Akanitazama, akaondoka bila kelele yoyote. Yule mwanamke wa kelele! Ningetamani apige mlango.

Alhamisi, 7 Machi

Emiliana kanipigia simu. "Kaka, Gervasi ameanza kucheka njiani. Habari zimefikaje huku? Anasema marehemu hatashuka kuja kumsemea mtu. Ile sauti ipo au haipo?"

"Ipo."

"Umeiona?"

"Sauti haionekani, Emiliana."

"Usinifanyie mzaha wako. Nimepanda kipande cha juu tu. Cha chini naogopa kupanda nisije nikampandia mwenzangu."

Mimi niliyemfanyia kila mtu mzaha tangu nilipoota meno, leo naombwa nisifanye.

11 Machi. Mvua ya mawe. Nimehesabu mabati yanayovuja: manne.

Ijumaa, 15 Machi

Kwa kuwa naandika, niandike na hili. Kuna kona ya roho yangu ilifurahi kompyuta ilipokufa. Ndogo, kama ya kuwekea kibiriti.

Mwaka sitini na tisa nilikuwa na miaka ishirini. Baba wa Gervasi alikuwa mzee mkali asiyecheka, na mpaka wake na wetu ulikuwa mstari wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe tunayopanda mipakani. Siku moja nikang'oa miwili ya mwisho upande wa chini, nikaichomeka hatua kadhaa ndani kwake, nione atachukua muda gani kugundua. Hakugundua. Nilisubiri anitukane, sikutukanwa. Halafu ukaja mwaka sabini na mbili, tukakimbia, na utani wangu ukabaki umeota mizizi.

Siku ile mzee Juma alikuwa anachunga mbuzi jirani. Aliniona? Sijui. Kwenye ile sauti alilisema? Sijui. Sikuwepo aliporekodiwa.

Jumanne, 26 Machi

Sokoni. Kibanda cha Cibalonza hakina mtu. Zamani ungesubiri foleni. Mama mmoja muuza vitambaa akaniambia, "Pale usipeleke simu yako. Yule alifuta sauti za marehemu." Alilisema kwa upole, kama anayekuonyesha shimo njiani. Cibalonza alikuwa anasafisha bisibisi safi. Akanisalimia yeye kwanza.

31 Machi. Pasaka. Kasilda kapika kuku. Sikumaliza paja, akanishika paji la uso aone kama nina homa.

Jumanne, 9 Aprili

Emiliana amekuja mwenyewe kutoka Buhinyuza, miguu ina tope mpaka magotini. Adriano alimwambia ukweli wote, kwa adabu, akiwa amesimama. Kumbe mtu wa tai ana adabu. Baada ya kusema alitoka nje, nikamfuata nikidhani anakwenda kupiga simu. Alikuwa amesimama kwenye mvua bila simu.

"Mzee, mi nalitembea vilima vyote na ile machine ya kurekodi," akasema. "Miaka miwili. Wengine walikufa kisha wiki moja. Walinipa maneno, nikasema tutayatunza."

Miezi yote hii nilidhani anajali tai tu.

Emiliana hakulia. Aliniuliza kama nina mbegu za maharage zilizobaki, za kujazia kipande cha juu.

Ijumaa, 19 Aprili

Kompyuta inapelekwa kesho Muyinga, kwenye chumba tunachoazimwa na parokia, ianze kazi upya kabla ya vikao. Adriano akaja na karatasi.

"Mzee Kastori, machine imejaa. Ile disque mpya imekula nafasi. Iko faili moja pale yenye jina yako. Mi sijafungua."

Hapa nieleze. Ukutani tuna kanuni, kwa mwandiko wa Adriano mwenyewe. Ya nne inasema: faili lenye jina la mtu halifunguliwi wala kufutwa bila mwenyewe. Na Adriano huweka kila kitu mahali pamoja, barua, picha za harusi ya binti yake, mafaili ya mashahidi kwa majina yao. Miezi miwili kalipita jina langu kila siku, kwa heshima, kama mtu anavyopita mlango wa jirani.

"Kama hauna shida, saini hapa. Jumapili kisha misa nitaifuta."

Niliona mbele yangu ushahidi wa uhalifu wangu ukiondoka kwa hiari yake. Na chini ya karatasi palikuwa na nafasi tupu.

Nikaandika jina.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikwenda kwa Cibalonza. Sikwenda kusema, nilikwenda nimpe kazi. Nikatoa betri kwenye simu yangu nzima, nikamwambia haiwaki. Akairudisha betri, ikawaka, akanitazama.

"Papa, unatafuta nini?"

Nikauliza kwa mbali. "Hivi, faili likibadilishwa jina, linakufa?"

"Juu ya nini likufe? Jina ni ya inje. Kitu yenyewe iko mule mule. Ila wenye kulitafuta kwa jina ya zamani, hawataliona."

"Hata likiwa diski ya ile kompyuta yenye mimba?"

Bisibisi ikasimama hewani.

"Nani alibadilisha?"

Soko zima lilikuwa linapiga kelele. Nikamwambia yote. Kitambaa, kijiti kinachowaka, herufi saba.

"Miezi mbili," akasema Cibalonza. "Miezi mbili natukanwa hapa. Na ingekuwa kazi ya dakika mbili."

"Ndiyo."

"Na weye ulisema ni mtu ya chai."

"Ndiyo, mama."

Sijawahi kumwita mama bila kumchokoza. Akafunika uso kwa viganja. Nilipomwambia la pili, kwamba jana nimesaini lifutwe, alisimama hata kiti kikaanguka.

"Likifutwa, njo kufa yenyewe sasa! Faili kubwa vile haipitie kwenye kapu ya takataka, inapotea moja kwa moja! Piga simu!"

Adriano hapatikani. Tukapiga mara kumi na moja. Hapatikani.

"Nitakuchukia kisha," akasema, akitia nyaya kwenye mkoba. "Kesho asubuhi tunapanda Muyinga."

Jumapili, 21 Aprili. Muyinga

Naandika kwenye benchi la parokia.

Gari lilisimama Karuzi kubadili tairi. Dereva akatafuta jeki kwa utulivu wa mtu aliyerithi wakati. Misa ya Muyinga inatoka saa tano. Saa tano tulikuwa bado tunaangalia tairi. Cibalonza hakusema nami njia nzima, ila aliponunua ndizi alinigawia moja bila kunitazama.

Tulifika saa saba kasoro. Nikakimbia. Kastori, miaka sitini na minne, nimekimbia katikati ya watu waliovaa nguo za Jumapili. Nikausukuma mlango. Adriano amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Umefuta?"

"Mzee? Unafanya nini huku?"

"Umefuta, Adriano?"

"Hakuna umeme tangu jana. Mvua imeangusha nguzo. Hata simu yangu imekufa. Nangoja courant tu."

Nikakaa sakafuni. Halafu Cibalonza akaingia, Adriano akasimama, akaanza kusema huyu haruhusiwi, na mimi pale pale sakafuni nikasema yangu, kwa mara ya pili, mbele ya yule niliyemwacha amkosee mwenzake. Mara ya pili si rahisi zaidi. Adriano alisikiliza mpaka mwisho. Alimgeukia Cibalonza.

"Mama, mi nalikutukana mbele ya watu."

"Utaniambia mbele ya watu pia," akasema. "Gitega, sokoni. Sasa nipishe kiti."

Umeme ulirudi saa tisa. Tulisikia friji ya padre ikikohoa nyuma ya ukuta. Kompyuta ikawaka, na sote watatu tukasogeza vichwa. KASTORI lilikuwepo. Cibalonza akaangalia uzito wa kila faili. La kila shahidi lilikuwa jepesi kama bahasha. Langu, giga arobaini.

"Papa," akasema, "weye peke yako una uzito kuliko Burundi nzima."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza amenitania tangu Februari. Nusura nilie.

Hakuligusa. Kwanza alilinakili kwenye diski yake ya nje, na tukakaa saa nzima tukitazama mstari wa kijani ukitambaa. Mvua ikaanza tena, na kila ngurumo Adriano alitazama taa. Kisha Cibalonza akaiweka kando ile diski tupu, akafungua kwenye kioo kikaratasi cha maagizo ya kompyuta ya ndani, kinachosema inatafuta diski yenye jina gani. Akanipa kazi. "Nisomee. Herufi moja moja. Na usiongeze yako." Nikasoma, kidole kikiwa juu ya kioo, vijiti na namba na vyote, naye akaliandika jina hilo mahali pa KASTORI.

Akabofya. Ikakataa. Akasema jina ni sawa, lakini kila diski ina namba yake ndani ambayo haibadiliki hata ukiiita nini, na mashine sasa ilikuwa imezoea namba ya ile tupu. Akaisahaulisha mashine ile tupu. Akaionyesha ya zamani. Akabofya.

Rangi za kizamani. Ule mlio wa kizamani. Orodha ya majina ya watu, mengi yakiwa ya marehemu, yakajipanga kutoka juu hadi chini.

Adriano alitoka nje. Safari hii nilijua hana simu.

Jumanne, 30 Aprili. Buhinyuza

Kikao kimekaa chini ya bati la shule, kwa ajili ya mvua. Emiliana mbele, mikono ndani ya kitenge. Gervasi upande wa pili, na kofia mpya. Cibalonza akaweka spika juu ya dawati, na mzee Juma akaanza kukohoa. Wanawake wawili wakashika midomo. Kikohozi kile kile.

Alitembea mpaka wote kwa maneno. Jiwe jeupe, kisiki, minyaa, minyaa, minyaa. Shamba la ukoo wa Emiliana, alisema, lote, juu mpaka chini. Emiliana akashusha pumzi aliyoishika tangu Februari. Gervasi akavua kofia.

Halafu mzee Juma akacheka. Kwenye ile spika ndogo, akiwa kaburini miaka miwili.

"Ila minyaa miwili ya mwisho msiiamini. Ile ilihamishwa na kijana wao mmoja mtundu, Kastori. Nilimwona, nilikuwa na mbuzi. Irudisheni hatua nne."

Watu walicheka mpaka mkuu wa bashingantahe akagonga fimbo. Gervasi hakucheka. Alinigeukia, akasema, "Baba alikufa akisema shamba limepungua. Tulidhani ni uzee."

Nikainua mkono, wote wamwone kijana mtundu ni nani.

Emiliana akasimama. "Hatua nne ni zake. Achukue. Na aliyeng'oa ndiye atakayepanda."

Alhamisi, 2 Mei. Buhinyuza

Mvua imekatika. Nimeing'oa minyaa miwili, sasa ni miti mizima, utomvu umeniharibia shati. Gervasi alihesabu hatua, mimi nikachimba. Alinikosoa mara tatu, nikakubali mara tatu. Ng'ambo ya mstari Emiliana alikuwa anapanda viazi vitamu kipande cha chini, bila kugeuka.

Adriano amepiga simu kutoka Gitega. Jana, siku ya wafanyakazi, soko limejaa, alisimama mbele ya kibanda cha Cibalonza akasema alichotakiwa kusema, na tai yake. Cibalonza amechukua simu akaniambia nakala za sauti sasa ni tatu, na ya kufungia kabatini ameipa jina langu, ili pasiwe na mtu wa kuigusa.

Jioni bashingantahe wakaleta karatasi ya mpaka. Gervasi akaandika jina lake. Emiliana akaandika. Ikanifikia mimi, na chini kabisa palikuwa na nafasi tupu.

Nikauliza kwanza ni ya nani.